Tulitengeneza avenyu sisi wenyewe. Na komini, ilifanya nini na pesa yake?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie mbalimbali katika mkutano wetu wa mwezi. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa.

Wale mko nyuma mlangoni, muingie, nafasi iko huku mbele.

Leo sitazungumza juu ya maandamano. Nitazungumza juu ya pesa, tena ile pesa ndogo ndogo. Ile shefu wa avenyu ao nyumba kumi anapita kuomba siku ya Jumapili, kaye mkononi, biki nyuma ya sikio. Pesa ya kununua poto za umeme. Pesa ya kabine. Pesa ya kuleta mawe na mchanga juu gari haiwezi tena kupita wakati wa mvua. Pesa ya vijana wanaolinda usiku. Nani hapa, kwao hawajatoa mchango wa avenyu mwaka huu? Anyooshe mkono. Hakuna. Sawa, basi tuko pamoja.

Sasa swali langu: ukishatoa ile pesa, inafanya nini mu bajeti ya komini? Wengi watasema, haifanyi kitu, sababu haipiti kule. Inatoka mu mfuko wangu, inaingia mu mfuko wa komite, inanunua poto, imekwisha. Mimi nasema hapana. Inagusa bajeti ya komini sana, hata kama hakuna franka moja yake iliyofika ofisini kwa burugumestre. Ili tuelewe vizuri, nitawapeleka kwanza mbali, Marekani. Musicheke. Kule jambo hili limekuwa mfumo mkubwa, liko na sheria, liko na hesabu, liko na watu waliolichunguza miaka mingi. Tutaona linaelekea wapi kama hakuna anayelisimamia. Kisha tutarudi huku mu matope yetu.

Marekani kuko kitu kinaitwa muungano wa wenye nyumba. Usifikirie komite ya avenyu yetu, watu kumi na mbili chini ya mwembe. Kule ukinunua nyumba mu kartie fulani, karatasi ya kununua yenyewe inasema wewe ni mwanachama. Hawakuulizi kama unataka. Unanunua nyumba, umeingia. Unauza nyumba, umetoka. Kila mwezi unalipa. Muungano unachagua komite yake, komite inapanga bajeti, inatengeneza barabara ya ndani, taa, mifereji ya maji, bustani, inaondoa uchafu, pengine inalipa walinzi wa mlangoni. Iko na sheria zake pia: rangi ya mlango, urefu wa majani, mahali pa kuweka gari. Ukikataa kulipa, mu majimbo mengi muungano unaweza kukupeleka mahakamani mpaka nyumba yako iuzwe. Ni serikali ndogo. Tofauti yake na serikali ni kwamba kura inahesabiwa kwa nyumba. Mwenye nyumba tatu iko na kura tatu. Mpangaji haina kura hata moja.

Mwaka 1970 miungano hii ilikuwa karibu 10,000 mu inchi yote. Leo ni zaidi ya 350,000, na zaidi ya watu milioni 70 wanaishi ndani yake. Mu nyumba mpya zinazouzwa kule, zaidi ya nusu ziko chini ya muungano kama hiyo.

Mutu anaweza kusema: Wamarekani wanapenda bustani safi, njo maana. Iko kweli ndani yake, lakini haitoshi. Kitu hakikui mara 35 mu miaka hamsini kwa sababu ya bustani. Kilikua sababu kuko mtu mwingine aliyekipenda, na huyo mtu ni serikali ya muji.

Tufanye hesabu. Hesabu hii ni mfano wangu, musiichukue kama habari ya muji fulani. Tuseme mujenzi anakuja kwa meya na mupango wa nyumba 300. Kama muji unakubali kwa njia ya zamani, kila nyumba italeta kodi ya nyumba, vizuri. Lakini barabara mpya ni za muji, taa ni za muji, mifereji ni ya muji, na vyote vitazeeka mikononi mwa muji. Sasa meya anamwambia mujenzi: nitakupa ruhusa, lakini barabara za ndani zitabaki zenu, taa zenu, mifereji yenu, uchafu wenu. Undeni muungano ulipe. Mujenzi anakubali mara moja, sababu yeye anauza na kuondoka. Atakayelipa ni munuzi. Na muji? Nyumba 300 zinalipa kodi ileile ambayo jirani wa kartie ya zamani analipa, kiwango hakikushuka hata kidogo, lakini muji hauna barabara ya kutengeneza pale. Pesa inaingia, kazi haiingii. Ukiwa meya, utakataa?

Na miji mingi kule ilikuwa na njaa ya pesa. Mwezi wa Juni 1978, watu wa California walipiga kura ya kufunga kodi ya nyumba. Kura ile inajulikana kwa jina la Proposition 13. Ilisema kodi ya nyumba isipite asilimia 1 ya bei ya nyumba, na bei yenyewe, kwa ajili ya kuhesabu kodi, isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Watu wa nyumba walifurahi. Miji ikabaki na mifuko mitupu na watu waleule wanaotaka barabara. Njo hapo muungano wa wenye nyumba uligeuka kuwa dawa: ni njia ya kulipisha watu barabara bila kuita malipo hayo kodi. Mwanauchumi mmoja, Ron Cheung, alichunguza miji ya California na akakuta jambo ambalo sisi tungelitabiri bila shule: pale serikali hizi za binafsi zinapokua, serikali ya muji inapunguza matumizi yake. Serikali inaona watu wanajifanyia, inarudisha mkono wake nyuma.

Mukumbuke hiyo. Nitairudilia tukifika kwetu.

Sasa tuangalie upande wa mwenye nyumba. Mwaka wa kwanza anafurahi, kila kitu ni kipya. Mwaka wa tano anakaa mezani, anaweka karatasi mbili kando kando. Hii ni kodi ya muji. Hii ni mchango wa muungano. Anajiuliza: mbona nalipa barabara mara mbili? Kodi yangu inatengeneza barabara ya mwingine, na barabara yangu natengeneza mimi tena. Malalamiko haya kule yako na jina la kawaida kabisa, kulipa kodi mara mbili, na yamefika mpaka bungeni. Mu jimbo la New Jersey walipata sheria, mwaka 1990: muji unalazimishwa ama kufanya kazi fulani ndani ya miungano hii kama unavyofanya kwingine, yaani kuondoa theluji barabarani, taa za njia, kukusanya uchafu, ama kurudishia muungano pesa ambayo muji ungetumia. Muone vizuri sheria ile inafanya nini. Haisemi watu wa muungano wasilipe kodi. Inasema: kama umeniachia kazi yako nikaifanya, nirudishie gharama yake. Mimi ile sheria naipenda. Tutaihitaji.

Lakini mu majimbo mengi sheria kama hiyo haiko, na malalamiko yanatafuta mlango mwingine. Mutu ambaye barabara yake, mulinzi wake, bustani yake na uwanja wa watoto wake vyote ni vya binafsi, siku muji unaomba kura ya kuongeza kodi kwa ajili ya bustani ya watu wote, atapiga kura gani? Mwaka 1991 Robert Reich, ambaye baadaye alikuwa waziri wa kazi chini ya Clinton, aliandika kwamba wale waliofanikiwa wanajitenga na inchi wakiwa bado ndani yake. Miaka mitatu kisha, Evan McKenzie akatoa kitabu kizima juu ya miungano hii, kinaitwa Privatopia. Wote wawili waliona hatari ileile. Mwanzo muji unapata faida, sababu unakusanya kodi bila kufanya kazi. Kisha wenye kulipa kodi kubwa wanapoteza hamu ya kulipa, na wanaobaki wanategemea barabara ya muji ni wale wa kartie za zamani, wale hawana pesa ya kujifungia mlango.

Na usisahau kwamba mlango ule haukufungiwa umaskini peke yake. Mikataba ya zamani ya kartie nyingi za kule ilikuwa inaandika wazi kwamba nyumba isiuzwe kwa mtu mweusi. Ni mwaka 1948 tu Mahakama Kuu, mu kesi ya Shelley na Kraemer, ilisema mahakama haziwezi kulazimisha watu kufuata mikataba kama ile. Sisi wenye kuishi na maneno ya "huyu si wa hapa" tunaelewa haraka sana komite ya avenyu inaweza kugeuka kuwa nini.

Kuko jambo la tatu, na hili linakuja polepole. Barabara inazeeka. Mifereji inapasuka. Muungano mzuri unaweka akiba kila mwaka, muungano mbaya unashusha mchango ili wanachama wafurahi, na unasukuma shida mbele. Tarehe 24 Juni 2021, saa ya usiku watu wamelala, jengo moja la ghorofa kumi na mbili lilianguka Surfside, Florida. Watu 98 walikufa. Lilikuwa jengo la wenye nyumba wenyewe, chini ya muungano wao. Mainjinia walikuwa wameonya tangu 2018 kwamba beto imeharibika. Wanachama walibishana juu ya gharama miaka mizima. Mwezi wa nne wa 2021 walikuwa wamekubali kukusanya dola milioni 15 hivi kwa ajili ya kutengeneza. Walichelewa. Na siku ya msiba ni nani aliyekuja na mashine, na wazima moto, na wapolisi, na mahakama? Ni serikali. Mwaka uliofuata Florida ikatoa sheria ya kulazimisha majengo kama yale kukaguliwa na kuweka akiba. Yaani deni la serikali ndogo ya binafsi, siku linapopasuka, linarudi kwa serikali kubwa. Halikuandikwa mu bajeti yake, lakini lilikuwa lake siku zote.

Sawa. Turudi nyumbani.

Najua kuna mtu hapa anasema mu roho: ndugu, hawa Wamarekani wanalipa mara mbili, sisi hata mara ya kwanza hatujui inaenda wapi. Uko na haki. Tofauti njo hiyo. Kule kodi inatangulia, inakusanywa, inaonekana. Muungano unakuja juu yake. Kwetu mchango ndio unatangulia, na kodi ni kama uvumi.

Tuangalie sheria yetu inasema nini, pole pole, sababu hapa vijana wengi wanapotea. Katiba ya 2006, kifungu cha 3, inasema muji, komini, sekta na sheferi ni entite zenye uhai wake wa kisheria. Zinaweza kuwa na mali, bajeti, deni, kesi mahakamani. Kartie haiko mu orodha ile. Avenyu hata usiulize. Kwa hiyo shefu wa kartie na shefu wa avenyu hawana sanduku la pesa kisheria. Kila franka unayotoa pale, kwa macho ya sheria, haiko popote.

Kisha kifungu cha 175: asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa mu jimbo inapaswa kubaki mu jimbo, ikatwe palepale kwenye chanzo. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, ile 08/016, inaongeza: mu sehemu ile ya jimbo, asilimia 40 ni ya entite, njo kusema miji, komini, sekta na sheferi. Fanya hesabu na mimi. Kwa kila franka 100 za mapato ya taifa yaliyokusanywa hapa, 40 zibaki jimboni. Mu hizo 40, asilimia 40 ni 16. Franka 16 kwa kila mia ni za entite za chini. Kumi na sita! Na sote tunajua inavyoenda kweli: pesa inapanda yote Kinshasa kwanza, kisha jimbo linakaa kungojea kurudishiwa, na komini inakaa kungojea jimbo, na avenyu inakaa kungojea komini. Foleni nzima ya watu wanaongojea. Ule kukatwa kwenye chanzo haujawahi kufanyika jinsi Katiba inavyosema.

Na kodi ya nyumba? Ile ambayo kule Marekani inalisha muji? Kwetu kifungu cha 204 kinaweka kodi ya parsele na nyumba, kodi ya mapato ya kupangisha nyumba, na kodi ya magari, mikononi mwa jimbo. Kwa hiyo burugumestre wako, hata akiona avenyu yako imejaa maghorofa mapya, yeye siye anayekusanya kodi kubwa ya yale maghorofa. Anabaki na vitakse vya soko, vya karatasi, vya kila siku. Njo maana mamiye anayeuza ndizi barabarani anasumbuliwa kila asubuhi, na mwenye ghorofa tano juu yake analala vizuri. Burugumestre anakusanya pale mkono wake unafika.

Sasa weka mchango wa avenyu ndani ya picha hii, uone unafanya nini.

Ya kwanza ni ileile ya California. Komini inapanga kazi za mwaka. Avenyu yako imeshaweka mawe, imeshanunua poto. Ofisa anasema: wale wamejipanga, twende kwingine. Na kwingine pia watu wanajipanga. Mwisho wa mwaka hakuna pahali komini ililazimika kwenda. Pesa ndogo iliyokuwepo inamalizika mu misafara, mafuta ya gari, na "matumizi ya ofisi". Kujituma kwetu kumeifanya bajeti ipumzike. Watu wa Butembo wanajua hii historia kuliko mimi: tangu nyakati za mwisho za Mobutu, wafanyabiashara wa pale walitoa pesa zao kwa barabara, walianzisha mpaka kampuni ya umeme. Inchi nzima inawasifu, na mimi pia nawasifu, kweli. Lakini sifa imekuwa karibu na sababu ya kuwaacha. "Butembo wanajitegemea." Hilo neno likitoka mu kinywa cha mkubwa wa serikali, mulisikilize vizuri.

Ya pili ni mali. Tukinunua kabine ya umeme, watu mia mbili, dola zetu, inakuwa ya nani? Siku inapowekwa na kuungwa mu mtandao, kampuni ndio inaishika ufunguo. Inatuletea faktire kama vile yenyewe ndiyo iliyonunua. Siku inaungua, inatuambia tukusanye tena. Hatukuandikiana kitu. Hatukuomba bei ipunguzwe mpaka pesa yetu irudi. Kule New Jersey mwenye kufanya kazi ya muji anarudishiwa. Huku mwenye kununulia kampuni mali anashukuriwa kwa mdomo, tena si kila mara.

Ya tatu ni ya mpangaji, na hapa nataka tukae kidogo, sababu wengi wenu ni wapangaji ao watoto wa wapangaji. Komite inapita, inaandika kila nyumba, mlango kwa mlango. Mwenye nyumba iko Kinshasa, ao Kampala, ao mu kartie nyingine. Anayekutwa mlangoni ni wewe. Unatoa. Barabara inatengenezwa, umeme unaingia. Miezi sita kisha mwenye nyumba anapita, anaona moto inafika mpaka mlangoni, taa inawaka, anasema: sasa nyumba imepanda bei. Anaongeza kodi ya nyumba na anaomba garanti mpya. Ukishindwa, unatoka. Umelipa barabara iliyokufukuza. Je, kuna mu avenyu yenu komite inayomuandikia mwenye nyumba yeye mwenyewe? Nimeuliza kartie nyingi. Ni chache sana. Na mu mkutano wa komite mpangaji anaambiwa: wewe ni wa kupita. Yaani sheria ya Marekani ile ya kura kwa nyumba, tumeiingiza bila hata kuiandika.

Ya nne nitapita haraka: wale wanaojenga miji yao kabisa. Kinshasa iko na Cité du Fleuve, nyumba zilizojengwa juu ya mchanga wa mto, na mlango wake, na huduma zake. Miji mingine inafuata mtindo huo. Sina hasira na mtu anayetaka kuishi vizuri. Swali ni moja tu: watu wale wanalipa kodi ya parsele na ya kupangisha nyumba, na inarudi mu komini inayowazunguka, ama mlango unafungia kodi pia? Hilo ni swali la kupeleka kwa mbunge wa jimbo, na jibu lake liwe na namba.

Sasa ninajua swali linalokuja. Mwezi uliopita dada mmoja aliliuliza kwa nguvu: basi tuache kutoa? Tumngoje burugumestre mpaka mtoto aanguke mu shimo?

Hapana. Shimo likiwa mlangoni kwako, liziba leo. Mimi sitamwambia mama yeyote alale gizani ili tufundishe komini adabu. Salongo tuliyolazimishwa zamani za Mobutu na mchango wa leo ni vitu tofauti. Huu tunautoa sababu tunapendana na tunaogopa usiku. Ninachokataa ni kuutoa kimya. Mchango bila karatasi ni zawadi kwa serikali. Mchango wenye karatasi ni deni la serikali. Pesa ni ileile, mawe ni yaleyale, karatasi ndiyo inabadilisha jina lake.

Na kuna wengine watasema kinyume: tusilipe kodi yoyote basi, tukate kabisa, tujilipie wenyewe. Hili linapigiwa makofi sana mitandaoni. Mimi siungi mkono, na nitasema kwa nini. Ukiacha kabisa kodi, umefanya kile wale wa nyuma ya mlango wanafanya, tofauti ni kwamba wewe hauna mlango. Hospitali hautaijenga kwa mchango wa avenyu. Mfereji mkubwa unaopita kartie nne hautaujenga kwa mchango wa avenyu. Kila avenyu itasukuma maji yake kwa jirani, kama tunavyofanya sasa, na nyumba za chini zitabebwa. Na zaidi ya yote, mwenye resi ya kodi anaingia ofisini na kuuliza. Asiye na resi, swali la kwanza ataulizwa yeye.

Tuko na kitu kimoja kipya ambacho wazazi wetu hawakuwa nacho. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba hii, sehemu fulani za inchi zilipiga kura ya kuchagua washauri wa komini. Si komini zote, na kazi yenyewe inaenda polepole sana. Lakini sheria ya 2008 inasema baraza la komini ndilo linapiga kura ya bajeti ya komini. Pale ambapo baraza haliko, bajeti ile bado ni karatasi ya serikali, iko ofisini, na raia iko na haki ya kuiomba. Msiende kuuliza "mbona hamtutengenezei barabara?" Watawajibu kwa hotuba. Uliza: mwaka jana mstari wa barabara ulikuwa na franka ngapi, zilitoka ngapi, ziliingia avenyu gani? Uliza jimbo liliwarudishia ngapi katika zile 16 kwa mia. Burugumestre mwenyewe, siku hiyo, pengine atakuwa upande wenu, sababu yeye pia anadai.

Kwa hiyo kazi ya mwezi huu. Kila kikundi kichukue avenyu moja tu, ile mnayoishi. Mununue kaye mpya. Muandike kila mchango tangu Januari: tarehe, ya nini, kiasi gani, aliyetoa ni mwenye nyumba ama mpangaji, nani alipokea, kitu gani kilinunuliwa, na kile kitu leo kiko mikononi mwa nani. Majina ya watu yabaki mu kaye yenu, yasiende kwenye simu wala kwenye mitandao. Mukikuta komite inakataa kuonyesha hesabu yake, musigombane nayo usiku. Muandike "ilikataa" na tarehe. Kama kuna kabine ao poto zinazonunuliwa mwezi huu, mupeleke barua kwa kampuni kabla ya kutoa dola ya mwisho: tunanunua sisi, tunataka karatasi inayosema ni mali ya nani, na faktire zitapunguzwa namna gani. Mupige kopi tatu. Moja kwa kampuni, moja kwa komini, moja ibaki kwenu na kachet ya kupokelewa.

Jumla ya avenyu zote tutaifanya hapa Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nane. Kisha tutaiweka kando ya bajeti ya komini, kama tutakuwa tumeipata. Wale wa hesabu mubaki kidogo, tugawane kazi ya kwenda kuiomba. Barua iko tayari, inangoja majina ya watakaoipeleka.